Nilisaini mahudhurio, kumbe bonde limeshagawiwa

SWALI: Shikamoo mzee. Mwezi wa sita tuliitwa mkutano wa kijiji, ajenda ikiwa choo cha shule. Tukasaini mahudhurio, tukakubaliana mchango, tukaondoka. Juzi kaja mtu na trekta kwenye bonde tunalolima mpunga, anasema kijiji kimempa. Ana muhtasari wa mkutano ule ule, na majina yetu nyuma yake. Langu ni la 18. Tufanyeje?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, maana nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka 11 na karatasi hizo nazijua. Karatasi ya mahudhurio ina namba, jina na saini basi. Juu haina ajenda. Mwenye nia mbaya huibana nyuma ya muhtasari wowote autakao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iko upande wenu: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza. Na mkutano mkuu ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, wewe ukiwemo. Bonde halikutajwa mbele yenu, basi hamkuligawa, hata hiyo karatasi iwe na mihuri mitatu.

Pelekeni malalamiko halmashauri ya wilaya. Sheria hiyo hiyo inasema wanakijiji wasiopungua 100 wakilalamika kwamba ardhi yao haisimamiwi inavyopasa, wilaya inawajibika kuyashughulikia. Safari hii, juu ya kila ukurasa andikeni kwa wino: “Sisi tunapinga kugawiwa kwa bonde,” ndipo watu wasaini chini yake. Tajeni tarehe ya mkutano na ajenda iliyotangazwa. Mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na tafadhali, vijana wasimfuate mwenye trekta na mapanga. Kesi ya shamba itageuka kesi ya jinai, na bonde litawaponyoka mkiwa mahabusu.

Mkutano mkuu hukaa kwa kawaida kila miezi mitatu. Unaofuata msiukose, na kabla ya ajenda yoyote daini muhtasari wa mwezi wa sita usomwe wote, kwa sauti.

Kijijini kwangu alikuwepo bibi mmoja asiyejua kusoma. Alitandika kanga yake mbele kabisa, chini ya mwembe, na nikimaliza kusoma alisema, “Rudia hapo.” Siku moja nilikuwa nimeandika “wanakijiji wameafiki” mahali ambapo watu walisema tungoje mavuno yapite. Akaniambia, “Mwanangu, hilo hatukulisema.” Nililikata neno lile mbele ya wote, nikaandika upya, naye hakuinuka mpaka nilipomsomea tena.

Wewe unajua kusoma. Keti mbele, na mahudhurio usiyasaini kabla ajenda haijaandikwa juu yake.