Barabara nyembamba, magari ya kasi: mwendesha baiskeli akae wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kila siku naendesha baiskeli kilomita 12 kwenda kazini, na jioni narudi, mara nyingi nikiwa na kreti kwenye karia. Barabara ni ya lami lakini nyembamba, haina njia ya baiskeli wala nafasi ya maana pembeni, na magari yanakimbia. Huwa najibana ukingoni kabisa, lakini bado malori yananipitia karibu mpaka nayumbishwa na upepo wake. Jirani ananishauri nihamie upande wa pili ili niyaone magari yanapokuja. Je, yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Nianze na jirani yako, maana ushauri wake ukiufuata kesho asubuhi unaweza kukuumiza kesho hiyohiyo. Anachosema kinamfaa mtu anayetembea kwa miguu. Yeye akiona gari linamjia anapiga hatua moja pembeni, yamekwisha. Baiskeli haina hatua ya pembeni.

Tupige hesabu. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, wewe 20. Mkielekea upande mmoja, linakukaribia kwa tofauti ya mwendo wenu, yaani 60. Mkikabiliana, linakukaribia kwa jumla yake, 100. Kwenye kona ambayo macho hayavuki mita 100, dereva anayetoka nyuma yako ana sekunde 6 za kukuona na kuamua. Anayekukabili ana sekunde 3.6. Isitoshe, aliye nyuma anaweza kupunguza mwendo akakufuata taratibu mpaka apate nafasi ya kupita. Anayekukabili hawezi kukufuata. Mmoja wenu lazima atoke njiani. Na dereva anayeingia barabara kuu kutoka njia ya pembeni hutazama upande ambao magari hutokea, hatarajii baiskeli itokee upande mwingine. Baki upande wako.

Sasa hapo ukingoni, ambapo naona ndipo penye tatizo lako hasa. Upande mmoja wa barabara nyembamba huwa na upana wa mita 3 hivi. Lori pana lina mita 2.5. Usukani wako una sentimita 60 au zaidi. Hapo hata bila kuweka nafasi yoyote kati yenu, hamtoshi. Sheria za Ufaransa zinamtaka dereva aache mita 1.5 anapoipita baiskeli nje ya miji, na Ujerumani tangu 2020 inataka mita 2. Kwa hiyo lori haliwezi kukupita salama bila kuvuka mstari wa kati, hata ujibane namna gani. Ukijibana, unachofanya ni kumwambia dereva kwamba anaweza kujipenyeza bila kuvuka. Naye anajipenyeza. Ndiyo maana unayumbishwa.

Kaa angalau nusu mita kutoka ukingo wa lami. Kanuni za barabarani za Uingereza, zilizorekebishwa mwaka 2022, zinataja kipimo hichohicho kuwa cha chini kabisa pale magari yanapokwenda kasi kuliko wewe. Mimi hufundisha kati ya nusu mita na mita 1, na endesha kwa mstari ulionyooka. Usiingie ukingoni kila unaposikia mngurumo kisha ukatoka tena, maana dereva akishakuona unapindapinda hajui utakuwa wapi atakapokufikia. Unapokaribia daraja jembamba, au kona inayopinda kuelekea upande wako, tazama nyuma kwanza, toa ishara ya mkono, kisha sogea ndani zaidi kidogo. Kwenye kona ya namna hiyo aliye ukingoni hufichwa na majani au ukuta wa udongo. Ukisogea ndani, dereva anakuona mapema. Kona ikiisha na barabara ikifunguka, rudi mahali pako, wapite.

Kuna sababu nyingine ya kuuogopa ukingo, na hii imewaangusha wengi. Mvua hula udongo ulio kando ya lami, ikabaki ngazi ya kina cha kiganja. Tairi likiteremka pale, mtu huingiwa na hofu, anapinda usukani kidogo ili arudi. Tairi la mbele linajisugua kwenye ukuta wa lami, halipandi. Mwili tayari umeegemea barabarani, tairi limebaki chini, anaangukia katikati ya njia, mbele ya gari lililo nyuma yake. Nilishamshuhudia mwanafunzi wangu mmoja akianguka hivyo. Alipona kwa sababu tu dereva aliyemfuata alikuwa ameacha nafasi. Ukiteremka, baki chini. Shika usukani kwa uthabiti, acha kukanyaga pedali, simama, inua baiskeli, anza upya.

Kutazama nyuma nako kuna ufundi wake. Kichwa kikigeuka, bega hukifuata, na bega huvuta usukani, hivyo baiskeli inaelekea kulekule unakotazama. Tafuta uwanja mtupu, chora mstari, fanya mazoezi ya kugeuza shingo huku matairi yakibaki juu ya mstari. Siku chache zinatosha. Kioo cha kutazamia nyuma kinasaidia sana, nacho nakipendekeza, lakini hakichukui nafasi ya shingo: dereva akikuona umegeuka anajua kwamba unamjua yupo. Visikizi vya simu acha nyumbani.

Lori linapokupita, upepo wake hukusukuma nje kwanza, kisha likishapita hukuvuta ndani. Legeza viwiko, usikaze mikono. Na usilegee mapema: gari dogo lililokuwa limejificha nyuma ya lori huenda linafuata, na dereva wake hajakuona kabisa.

Zipo nyakati ambazo nafasi nzuri barabarani haitoshi. Ukiona lori linakuja mbele, unasikia jingine nyuma, na hesabu inaonyesha watakutana pale ulipo, toka mapema mahali ambapo kando ni tambarare, simama, waache wapishane. Hujashindwa kitu hapo. Fanya vivyo hivyo asubuhi au jioni jua linapokuwa chini: likikuchoma wewe machoni, dereva aliye nyuma yako naye linamchoma, na huenda asione chochote mbele yake. Ukiweza kubadili saa ya kuondoka kwa nusu saa, ibadilishe.

Kuhusu kuonekana, watu huchanganya mambo mawili. Nguo ya njano kali au chungwa inasaidia mchana. Usiku rangi hiyo inazimika. Kinachofanya kazi usiku ni kitambaa au utepe unaorudisha mwanga wa taa za gari, na mahali pake bora ni vifundoni mwa miguu, kwa sababu vinapanda na kushuka pamoja na pedali na dereva anatambua mara moja kwamba huyo ni mtu. Juu ya hapo weka taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele.

Na hiyo kreti yako. Jioni moja simama, weka baiskeli kama unavyoipakia, kisha rudi nyuma hatua ishirini uitazame. Kuna uwezekano mkubwa taa yako imefunikwa na mzigo. Ihamishie kwenye kreti yenyewe, na funga utepe wa kurudisha mwanga kwenye pembe zote mbili za nyuma. Kama kreti ni pana kuliko usukani, basi upana wako ni ule wa kreti, na ile nusu mita ya ukingoni uipime kuanzia pembe yake, usiipime kuanzia tairi.