Jibu: Binti wa kidato cha pili, anadeka au anaumwa?

Dada, pole. Umesema binti ana miaka 15, mwezi mzima hali chakula vizuri, netiboli kaiacha, na shangazi zake wanadai anadeka au ana mapepo. Angalia muda kwanza: huzuni au hasira ya kila siku kwa wiki 2 na zaidi, usingizi ukivurugika na masomo yakishuka, hapo hakuna kudeka. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa vijana mara nyingi hujitokeza kama hasira, ndiyo maana wengi huishia kuitwa wakorofi.

Usimweke kitako sebuleni. Chambueni mchicha pamoja, maana kijana huongea zaidi asipokodolewa macho. Mwambie ulichokiona: "Naona siku hizi huli, usiku hulali." Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Wazazi wengi huharibu hapo hapo kwa "mbona wenzako..."

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, fungia dawa na sumu ya panya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

La sivyo, anzia kituo cha afya, omba rufaa ya afya ya akili. Wampime na damu, upungufu wake nao huchosha. Ukikwama, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Akiandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, nafuu huchukua wiki kadhaa. Asiiache ghafla, na wiki za mwanzo mwangalieni kwa karibu.

Shangazi wakitaka kumwombea, waombe. Kliniki asikose.