Kabla mtoto hajaenda kucheza kwa jirani, uliza bunduki iko wapi

Mwaka wetu wa kwanza Pennsylvania, mwanangu wa miaka saba alirudi kutoka kucheza kwa rafiki yake wa shule. Akaniambia, huku akivua viatu mlangoni, kwamba baba yake rafiki ana bastola kwenye droo ya kando ya kitanda. "Nyeusi, halafu nzito." Hilo neno nzito lilinikata maini. Uzito wa kitu huujui mpaka ukishike.

Usiku ule sikulala. Mimi nimekulia Sikonge, Tabora, na bunduki niliyoijua utotoni ni gobore la mjomba lililokaa darini limeviringishwa kwenye gunia. Bwana nyama akiwa kijijini hatukuthubutu hata kulitaja. Nilikuja Marekani nikijua bunduki za aina mbili tu: ya askari, na ya mtu anayejificha. Huku nimeikuta ya tatu, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza ninyi mliofika juzi kwenye miji midogo kama huu wetu. Ni bunduki ya babu, iliyorithiwa na mwana kisha mjukuu, inayotoka kabatini msimu ukifika na kurudi nyumbani na nyama.

Kesho yake nilimsimulia mzee jirani yetu, mtu wa zaidi ya miaka sabini aliyeanza kuwinda akiwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani ataitetea ile bastola. Alikunja uso. "Bunduki isiyofungiwa kufuli nyumbani kwenye watoto ni ujinga," akasema. "Mimi huwauliza hata dada zangu kabla wajukuu hawajalala kwao." Akanipeleka chini kwenye ghorofa ya ardhini, akanionyesha sefu ya chuma inayonifika kifuani. Risasi alizihifadhi mahali pengine, kwenye sanduku lenye kufuli lake.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: waulize waliozaliwa na bunduki. Wao ndio wenye adabu zake, na mwindaji wa kweli haoni vibaya kuulizwa.

Mwezi Novemba mzee alinialika kwenye kambi yao, kibanda cha mbao alichokijenga marehemu baba yake. Huku msimu wa kuwinda kulungu kwa raifoli ni kama sikukuu. Kwa miaka mingi ulifunguliwa Jumatatu baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, na shule nyingi za vijijini zikafungwa siku hiyo kwa sababu vijana wangekuwa porini vyovyote vile. Tangu 2019 ufunguzi umehamia Jumamosi, na wapo wazee ambao hadi leo hawajalisamehe badiliko hilo.

Kabla hatujatoka alinivisha kizibao na kofia vya rangi ya machungwa inayowaka. Sheria ya huku inamtaka mwindaji wa msimu ule avae angalau inchi za mraba 250 za rangi hiyo kichwani, kifuani na mgongoni, aonekane kutoka pande zote. Hata kama huwindi, hata kama unatembeza mbwa tu au unaokota kuni, wewe vaa. Kizibao cha bei ndogo dukani kinakutosha. Usiingie msituni Novemba na koti la kahawia, ndugu yangu.

Mimi sikubeba bunduki. Alinikalisha chini ya mti nyuma yake, akaniambia nitulie, nisimsaidie hata kumtafuta mnyama, maana msaidizi naye anaweza kuhesabiwa mwindaji, na mimi sikuwa na leseni. Baridi ilipenya soksi mbili. Kulungu dume alipojitokeza kwenye ukingo wa mteremko, mzee aliinua bunduki, akamfuata kwa darubini, kisha akaishusha. Yule mnyama akapita zake, akapotea. Nilidhani mkono umemtetemeka. Akaninong'oneza: "Nyuma yake ni mbingu. Risasi ingekwenda wapi?"

Hiyo ni mojawapo ya kanuni nne wanazofundishwa watoto wao kabla ya kupata leseni. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Mtutu usielekee kamwe kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Na ujue unachopiga pamoja na kilicho nyuma yake. Nimezifundisha nyumbani kwangu, ambako hakuna bunduki, na mwanangu nimemwongezea yake: ukiiona, usiiguse, ondoka, mwambie mtu mzima.

Saa nne asubuhi alipata jike mbele ya kilima. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hajamsogeza hata hatua moja, ni kuvua glavu, kujaza kibali kwa kalamu na kukifunga kwenye sikio la mnyama. Vidole vilikuwa vyekundu kwa baridi, mwandiko unakwenda upande. Hakuna mtu aliyekuwa anatuona. Nikamkumbuka mjomba na gunia lake darini.

Kulungu hawa walikuwa karibu kuisha hapa mwishoni mwa miaka ya 1800. Jimbo likaunda tume ya wanyamapori mwaka 1895, na 1906 likaanza kuleta kulungu kutoka Michigan kuwarudishia mbegu. Leo tume hiyo ina mapori ya umma ya takribani ekari milioni 1.5, na wawindaji huichangia kwa ada za leseni. Isitoshe, tangu sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, kila bunduki ndefu na risasi hulipiwa kodi ya asilimia 11 inayorudi majimboni kwa ajili ya wanyama. Ukiwaona wakijivuna, sababu wanayo.

Na baada ya Krismasi upo msimu wa gumegume. Ndiyo, gumegume hasa, bunduki ya kuwashwa kwa jiwe, kama zile ndefu zilizofuliwa na mafundi wa Kijerumani kule Lancaster katika miaka ya 1700. Mzee aliponionyesha yake nilicheka kwa furaha. Gobore lisilofichwa!

Sasa yale magumu. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua wenyewe. Kama nyumbani kuna mtu amezama kwenye huzuni, hiyo bunduki itolewe nyumbani kwa kufuata sheria, hata akinuna. Na tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa nchi hii. Sikubaliani na wanaosema mazungumzo haya ni kuwatukana wawindaji.

Jingine ni makaratasi. Kama uko kwa visa ya muda, ya masomo, matembezi au kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kumiliki au hata kukaa na bunduki au risasi. Hata ya kuazimwa na rafiki ni tatizo. Ipo misamaha, na leseni halali ya uwindaji ni mmojawapo, lakini usiutegemee kwa kusikia barazani. Mwone wakili wa uhamiaji kwanza, picha za kujionyesha baadaye, au zisiwepo kabisa.

Kuhusu kuuliza, nami nilikuwa naona haya. Nikajifunza kuliweka swali pamoja na mengine: mbwa wenu anauma? Mwanangu karanga zinamdhuru. Je, kuna bunduki nyumbani, na imefungiwa? Yule baba wa bastola nilimpigia simu mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akaomba radhi, na wiki hiyo hiyo akanunua sefu.

Juzi mwanangu amealikwa kulala kwa mwenzake mpya. Nikamwandikia mama wa mtoto ujumbe, swali langu likiwa la tatu baada ya mbwa na karanga. Alijibu baada ya dakika mbili: "Zipo tano, zote ziko kwenye sefu, na ufunguo anao mume wangu. Asante kwa kuuliza. Na kwenu je?"