Bisi za karameli: mbona zinanata?

SWALI: Nataka kuwaandalia wageni wa sikukuu bisi za karameli. Kila nikizipika zinanata menoni, na mara nyingine sukari inageuka chengachenga. Nakosea wapi? Na je, naweza kuzipika mapema?

JIBU: Zikinata, ujue sukari bado ina maji. Wengi huishia kwenye kumwagia karameli, wakati bisi zinahitaji kukaushwa baada ya hapo.

Anza na nusu kikombe cha mahindi ya bisi na vijiko vikubwa 3 vya mafuta. Tia punje tatu kwanza. Zikipasuka, mimina zilizobaki na ufunike, ukiacha upenyo mdogo wa mvuke kutoka. Mvuke ukinaswa ndani, bisi hulegea hata kabla hazijaonja sukari. Hamishia kwenye bakuli pana na uziache punje zisizopasuka. Hizo huvunja meno.

Kwa karameli, yeyusha siagi gramu 115, sukari ya kahawia kikombe 1, asali robo kikombe na chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga mpaka ianze kuchemka, kisha weka mwiko pembeni na uiache itokote dakika 5 kwa moto wa wastani. Hapo ndipo chenga huzaliwa: ukikoroga, chembe za sukari zilizoganda ukingoni mwa sufuria hurudi ndani na kugandisha nyingine. Asali nayo husaidia kuzuia hilo, kwa hiyo usiipunguze.

Epua, tia nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, si bekingi pauda. Karameli itaumuka na kupauka, maana soda inatoa gesi. Vipovu hivyo ndivyo vinavyoifanya ikatike kirahisi mdomoni. Tumia sufuria yenye nafasi, na usiionje kwa kidole, inaunguza vibaya sana.

Mwagia bisi upesi, geuza, tandaza kwenye trei yenye karatasi ya kuokea. Oka kwa nyuzijoto 120 kwa dakika 45, ukigeuza kila baada ya dakika 15. Zikitoka zitakuwa laini bado, usishtuke. Pima kwa kupoza moja: ikikatika kwa mlio, tayari, ikivutika, irudi ndani dakika 10 zaidi.

Unaweza kuzipika siku kadhaa kabla. Zipoe kabisa, kisha zifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa, nje ya friji. Zikilegea, dakika 10 za oveni huzirudisha.

SWALI: Mdalasini, iliki na chokoleti viingie lini?

JIBU: Viungo viingie pamoja na soda, baada ya kuepua, kwa sababu vikichemka na sukari huungua na kuwa vichungu. Mdalasini kijiko cha chai 1, au iliki nusu yake, vinatosha. Ukipenda ladha ya chungwa au ndimu, tumia ganda lililokwaruzwa. Maji ya tunda yatarudisha unyevu uliouhangaikia. Chokoleti iyeyushe na kuinyunyizia juu bisi zikishapoa.

SWALI: Watoto wadogo nao wale?

JIBU: Walio chini ya miaka 4 wasipewe bisi za aina yoyote. Zinaweza kuwakaba.