Swali la lugha: barabara imesafishwa, imefunguka au imefunguliwa?

SWALI: Huwa naandika taarifa fupi za barabara kwa madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Lori likipinduka kisha likaondolewa, mimi huandika "barabara imefunguka". Mwenzangu huandika "barabara imesafishwa", nao askari husema "imefunguliwa". Madereva wanalalamika kwamba waliondoka Chalinze kwa kutuamini, wakakuta foleni haijasogea. Ipi sahihi?

JIBU: Kisarufi zote tatu hazina kosa. Tatizo ni kwamba kila moja inataja hatua tofauti ya kazi, na ninyi mnazitumia kama visawe.

"Imesafishwa" ndiyo dhaifu kuliko zote. Kusafisha ni kutoa uchafu: dizeli imemwagiwa mchanga, mchanga umefagiliwa, vioo vimezolewa. Hapo neno linafaa kabisa. Maana ya kuondoa kizuizi tumeipata kwa kutafsiri taarifa za Kiingereza, ambako neno moja, "clear", hubeba kusafisha, kuondoa na kuachia njia. Sisi tuna vitenzi vitatu kwa mambo matatu, basi tuvitumie. Barabara huweza kupitika kabla haijasafishwa. Huweza pia kuwa safi ilhali bado imefungwa kwa sababu askari hawajamaliza kupima alama za breki.

"Imefunguka" na "imefunguliwa" zinatofautiana kwa kiambishi tu, lakini tofauti hiyo ni kubwa. Kauli ya kutendeka, kama "imefunguka", haina nafasi ya mtenda: kamba imekatika, kikombe kimevunjika. Huwezi kusema "barabara imefunguka na polisi". Kauli ya kutendwa, kama "imefunguliwa", ina mtu nyuma yake hata asipotajwa. Kuna askari aliyeondoa koni na kuruhusu magari. Kwa taarifa yenu mtu huyo ni muhimu, kwa sababu kwenye ajali kubwa kuna trafiki, Zimamoto, watu wa TANROADS (wakala wa barabara) na wenye breki-dauni (magari ya kuvuta yaliyoharibika), na kila mmoja ana hatua yake ya kusema "tayari". Fundi wa winchi husema tayari lori likishatoka kwenye lami. Kwa trafiki huo si mwisho. "Imefunguka" iachieni dereva anayeona mwenyewe mambo yamelegea. Anayetoa taarifa aandike "imefunguliwa", na ikiwezekana amtaje aliyefungua.

Mamlaka ya barabara kuu ya serikali ya Marekani hutenganisha vipindi viwili: kutoka taarifa ya kwanza hadi njia zote kuweza kupitika, na kutoka taarifa hiyo hiyo hadi mhudumu wa mwisho kuondoka. Jimbo la Florida lina lengo la kufungua njia ndani ya dakika 90, linalohesabiwa tangu askari wa kwanza afike. Angalieni neno "tangu" linavyobeba mzigo. "Njia imefunguliwa baada ya dakika 90" haina maana mpaka useme ni baada ya nini: lori lilipopinduka, simu ilipopokelewa, au askari alipofika? Taasisi mbili zikihesabu kwa "tangu" mbili tofauti, zitagombana kwenye kikao bila sababu.

Kuna kitenzi kingine cha hatari kuliko hicho mlichouliza, nacho ni "kusimamisha". "Lori la mafuta limesimamishwa": limezuiwa na trafiki, au lililolala ubavu limeinuliwa likakaa kwa magurudumu? Redioni, mtu wa Zimamoto anaweza kuelewa la pili wakati msemaji alikusudia la kwanza. Semeni "limezuiwa" au "limeinuliwa". Vivyo hivyo, "kuvuta" ni neno pana mno. Gari linalotembea kwa magurudumu yake nyuma ya breki-dauni linakokotwa. Linalosuguliwa juu ya lami linaburutwa. Kuburuta si kosa kila mara. Msimamizi anaweza kuamua lori lenye mzigo mkavu liburutwe hadi pembeni ili njia ipitike, mzigo upakuliwe baadaye. Lakini uamuzi huo huchuna lami, kwa hiyo mwenye barabara lazima ajue neno lililotumika.

Kwa lori la mafuta, mpangilio wa vitenzi ndio usalama wenyewe. Askari wanazuia watu na magari. Zimamoto wanamwaga povu na kutenga betri. Kisha mafuta yanahamishiwa kwenye lori jingine, na kwa kawaida hapo ndipo tangi huinuliwa, maana tangi lililojaa linaweza kupasuka winchi ikilivuta. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa mitaroni hadi mbali na lori. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu walikusanyika kuchota petroli kwenye lori lililopinduka, moto ukalipuka, na waliofariki walipita 100. Kwa hiyo msiandike "lori linaondolewa" wakati mafuta bado yanahamishwa. Atakayesoma atadhani hatari imepita, asogee.

Kuhusu ushirikiano, taarifa nyingi husema "Zimamoto walishirikishwa". Hiyo ina maana mtu mwingine aliwaingiza, huenda kwa kuchelewa. Kama walifika pamoja na kugawana kazi, ni "walishirikiana". Na kama askari alimwachia msimamizi wa TANROADS eneo akiwa amemweleza kilichobaki, kuna neno zuri ambalo halitumiki vya kutosha: "walikabidhiana".

Saa nayo huleta balaa. "Saa 8:10" ya mchana kwa Kiswahili ni 14:10 kwenye daftari la kituo. Ukiandika "8:10" tupu, mmoja atasoma asubuhi na mwingine mchana, na muda wote wa tukio utapotoka kwa saa sita. Ama andika "saa 8:10 mchana", ama tumia 14:10 bila neno "saa". Msichanganye.

Mahali pia. Kulia na kushoto hutegemea unaelekea wapi. "Upande wa kwenda Morogoro" hautegemei chochote. Tena tofautisheni barabara na njia. Kwenye kipande cha Kimara hadi Kibaha kilichopanuliwa, "barabara imefungwa" ni habari nzito kuliko "njia moja imefungwa". Ila msimdanganye dereva kwamba njia moja kati ya tatu ni theluthi tu ya tatizo. Uwezo wa kupitisha magari hushuka kwa karibu nusu, kwa kuwa wanaopita kwenye njia zilizobaki hupunguza mwendo na kutazama.

Na hapo ndipo lilipo lalamiko la madereva wenu. Barabara kufunguliwa na foleni kuisha ni mambo mawili. Koni zikiondolewa, magari yaliyojipanga hutoka kidogo kidogo mbele huku mengine yakiendelea kufika nyuma. Mkia wa foleni unaweza hata kurefuka kwa muda baada ya njia kufunguliwa. Foleni iandikieni sentensi yake.

Jambo dogo la mwisho: "piga 114 mara moja". Hiyo ni namba ya Zimamoto, na "mara moja" ni papo hapo au ni mara ya kwanza na ya mwisho. Andikeni "sasa hivi".

Taarifa yenu basi ingesomeka hivi: "Lori la mafuta lililopinduka upande wa kwenda Morogoro limeinuliwa na kukokotwa. Trafiki wamefungua njia zote saa 8:10 mchana. Foleni bado ipo na inasogea polepole. Zimamoto wangali wanafagia mchanga pembeni, punguzeni mwendo."