Kabla Hujatoboa Mapezi ya Injini ya Baiskeli Yako

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ya injini ya baiskeli yake. Katoboa matundu kwenye kila pezi, vile vibapa vya alumini vinavyotoa joto nje, yamepangana vizuri, kingo zimepigwa tupa. Anauliza: "Kaka, mbona sasa inachemka kuliko mwanzo?" Niliitazama picha ile kwa muda mrefu, maana hedi yangu ya kwanza niliifanya hivyohivyo.

Yangu ilikuwa injini ya mipigo miwili, ile inayouzwa kwa jina la 80cc kumbe ndani ni kama 66. Kwenye mlima mrefu ilikuwa inakata nguvu, na joto lake nililisikia mpaka gotini. Nikaamini matundu yatapitisha upepo. Nikachukua drili na keekee ya milimita 6, nikatoboa jioni nzima. Ilipendeza! Wiki ya pili pistoni ikakwama nikiwa katikati ya mlima, na silinda ikajaa michubuko. Fundi niliyempelekea alicheka mbele za watu, wala hakunieleza nilipokosea. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo. Nikaamua kutafuta jibu mwenyewe.

Jibu ni hesabu. Chukua pezi lenye unene wa milimita 2. Tundu la milimita 6 linaondoa kama milimita 57 za mraba za uso unaotoa joto, ukihesabu pande zote mbili, na ukuta wa ndani wa tundu unarudisha kama 38 tu. Upana wa tundu ukizidi unene wa pezi mara mbili, umepunguza eneo la kupoozea. Tena joto husafiri ndani ya alumini kutoka shina la pezi kwenda ncha. Ukitoboa karibu na shina, umelizibia njia.

Lakini mapezi hayakuwa ugonjwa wenyewe. Gasketi kati ya kabureta na silinda ilikuwa imechanika, hewa inaingia kwa pembeni, petroli haitoshi. Mchanganyiko wa namna hiyo huchoma injini hata ukiifungia mapezi ya pikipiki kubwa. Plagi ilikuwa nyeupe pee badala ya rangi ya kahawia, nami kila siku naiona na kuirudishia. Nilibadilisha gasketi na silinda, nikafunga hedi yenye mapezi mazima, na mlima uleule sasa naumaliza bila kusimama. Najivunia hilo kuliko matundu yangu yote.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni haraka ya kukata na kutoboa. Anza na plagi. Injini ikiwa inanguruma taratibu, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta; mlio ukibadilika, pana mwanya. Sugua tope na oili katikati ya mapezi, kwa sababu uchafu huo unafunika joto kama blanketi. Rangi nzito nayo ni blanketi. Na ukitaka kuongeza vipande vya alumini, usivibandike kwa gundi ya kawaida: haipitishi joto vizuri, utakuwa umeongeza uzito tu. Narudia, plagi kwanza.

Wewe wa picha, hedi hiyo ibadilishe. Ila kabla hujafunga mpya, fungua plagi unitumie picha yake.