Kukarabati Nyumba ya Kale katika Mellah ya Fez: Anza na Umri na Maji

Mtu anayepata nyumba katika Mellah, mtaa wa kale wa Wayahudi mjini Fez, Morocco, kwa kawaida hukimbilia kuuliza bei ya mbao za mwerezi. Baada ya kufanya kazi na mafundi wa pale, ushauri wangu ni kwamba aulize kwanza nyumba yake ilijengwa lini, kwa kuwa umri wa mtaa si umri wa nyumba. Mtaa ulianzishwa mwaka 1438, kando ya kasri la sultani, lakini Aprili 1912, majuma machache baada ya Morocco kuwekwa chini ya himaya ya Ufaransa, maasi yalizuka, Mellah ikaporwa, mizinga ya Wafaransa nayo ikaipiga, na wakazi wakakimbilia ndani ya viwanja vya kasri. Sehemu kubwa ilijengwa upya. Ukikuta dari limebebwa na boriti za chuma, usilipe bei ya nyumba ya karne ya 17.

Jambo la pili ni maji, na hapa sina utani. Wayahudi wengi walipohamia Israeli, Ufaransa na kwingineko katika miaka ya 1950 na 1960, nyumba zao zilipangishwa chumba kimoja kimoja kwa familia zilizotoka mashambani, na kila familia ikajiongezea jiko na bomba pale ilipoweza. Fuata kila bomba hadi mwisho wake kabla fundi hajagusa ukuta, kwa maana ufa unaouona juu mara nyingi umeanzia kwenye mfereji unaovuja chini.

Ukuta ukishakauka, piga lipu ya chokaa na mchanga. Saruji huuzuia ukuta wa matofali ya kale kutoa unyevu, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache ya mvua lipu hubambuka pamoja na uso wa tofali. Wenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja wanaujua ugonjwa huu.

Roshani za mbao zinazotazama barabara ndizo zinazoitofautisha Mellah na mitaa ya Waislamu wa Fez, ambako nyumba hugeukia ua wa ndani. Usizing'oe kwa sababu zimeinama. Chomeka bisibisi kwenye ncha ya boriti inapoingia ukutani: ikizama kwa urahisi, kata sehemu iliyooza tu na uunge mwerezi mpya, kwani iliyobaki huenda ni nzima kabisa. Kazi nzuri ya mbao na lipu utaiona katika sinagogi la Ibn Danan, la karne ya 17, lililokarabatiwa katika miaka ya 1990. Mpeleke fundi wako akaione kabla hamjapatana bei.

Mwambie pia asizibe kila tundu. Kwenye mwimo wa kulia wa mlango, unapoingia, huenda kukawa na kijishimo chembamba, cha urefu wa kidole, ambamo familia ya Kiyahudi iliweka mezuza, yaani kikaratasi cha ngozi chenye maneno ya Torati. Mafundi hukijaza lipu wakidhani ni kasoro, hasa wakiwa na haraka. Kipige picha, kizungushie alama ya chaki, na uandike katika mapatano ya kazi kwamba kibaki wazi.